Mkaguzi Anywe Chai Kwanza

Mama alikuwa ameisafisha dhoruba.

Sina namna nyingine ya kusema. Nilipoiacha nyumba yake wiki iliyopita, mabati ya upande wa sebuleni yalikuwa yameng'oka, dari imelala juu ya makochi, na maji yamechora ramani ukutani kutoka juu hadi chini. Kampuni ya bima ilipiga simu ikasema jambo moja tu, nami nikalirudia mbele ya mama mpaka mdomo ukachoka: msiguse kitu hadi mkaguzi afike. Leo ndiyo siku ya mkaguzi. Nimekuja mbio kutoka ninakopanga, nafungua mlango, sebule inanukia sabuni.

"Mama, dari iko wapi?"

"Dari ipi?"

"Ile iliyoanguka!"

"Si ilianguka? Nimeiondoa."

Nikazunguka sebule kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa mpya, mweupe mpaka unaumiza macho. Mabati yalikuwa yamerudi juu. Fundi wa mtaa wa pili aliyapigilia jana jioni. Makochi yalikuwa yamevalishwa vile vitambaa vya kufuma vinavyotolewa kwa wageni tu. Mezani palikuwa na chupa ya chai na vikombe vya maua ya bluu, ambavyo sisi watoto aliotuzaa mwenyewe hatujawahi kuvigusa kwa midomo.

"Nilikwambia usiguse kitu!"

"Uliniambia mgeni anakuja."

"Nilisema mkaguzi!"

"Mkaguzi huyo anatoka wapi, si nje? Anaingilia wapi, si mlangoni? Basi ni mgeni. Ulitaka mtoto wa watu akae kwenye matope? Akitoka hapa akaseme nini?"

"Akaseme nyumba imebomoka! Ndicho anacholipwa kusema!"

"Kiherehere, punguza sauti. Majirani wana masikio."

Kiherehere ni mimi. Jina hilo alinipa nikiwa bado natambaa, na siku kama ya leo sina pa kulikania. Kukaa kulinishinda. Nilitoka nje nikatazama paa la mbele, nikarudi ndani nikatazama ukuta, nikatoka tena. Nje upepo ulikuwa umeanza kuamka, na upande wa mashariki mawingu yalikuwa yanajazana.

Mama mwenyewe alijua kilichokuwa mezani, mbali na vikombe. Kaka yangu, ambaye mama humwita Bosi kwa sababu alianza kutoa amri kabla hajajua kufunga kamba za viatu, alishakata shauri. Bima ikilipa, paa linajengwa upya na mama anabaki kwake. Bima ikikataa, mama anafungasha, anahamia kwa Bosi, kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Fedha za paa jipya hakuna mwenye nazo kati yetu. Mama aliitikia kwa kichwa mbele yetu sote. Baadaye nikamsikia jikoni akiisemesha sufuria: "Nikaoshe vyombo vya mkwe wangu huku naogopa kuvunja."

Bima yenyewe baba aliikata shingo upande, kwa sababu benki ilimlazimisha. Baada ya msiba mama aliendelea kuilipia. Hakujua namna ya kuacha kitu ambacho baba alikianzisha.

Nikaenda hadi mlango wa chumba chake cha kulala, kule nyuma ambako paa halionekani kutoka barabarani. Umefungwa kwa ufunguo.

"Na huku je?"

"Huko kukavu. Si nilikwambia?"

"Nione."

"Uone nini? Kitanda hukijui?"

Ufunguo niliuona umefungwa fundo kwenye pindo la kanga yake. Nikabandika sikio mlangoni. Ndani kitu kilikuwa kinapiga: pa, pa, kimya, pa.

"Nini hicho?"

"Pazia."

Kabla sijamjibu, honi ililia nje. Bosi huyo. Aliingia akipangusa paji la uso, akatazama huku na huku, akatabasamu.

"Enhe! Mbona pamependeza? Bima wameshalipa?"

"Hawajafika hata," nilisema.

"Basi sawa. Mimi nimeacha nafasi kwenye buti, endapo."

"Nafasi ya nini?" mama aliuliza.

"Ya mizigo, mama. Endapo."

"Weka magunia ya mkaa. Gari halipendi kutembea tupu."

Mkaguzi akafika kwa miguu, kijana mwembamba mwenye begi begani na matope hadi kwenye ndimi za viatu. Nyumba yetu haikuwa ya kwanza kwake siku hiyo. Mtaa mzima ulikuwa unamngoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, pita ndani, usivue viatu."

Akavua. Akaingia na soksi, akasimama katikati ya sebule, akainua kichwa, akakishusha, akageuka polepole mzunguko mzima.

"Mama," alisema kwa adabu, "uharibifu uko wapi?"

"Ulikuwepo," mama alijibu kwa fahari. "Nimesafisha."

Bosi alikohoa. Mimi nikaanza kueleza, maneno yanakanyagana: mabati yalivyoruka, dari ilivyoshuka, picha nilizopiga asubuhi ile.

"Vizuri, picha ziko wapi?"

"Kwenye simu. Na simu ilinitumbukia majini asubuhi ileile. Nimeiweka kwenye mchele."

"Inawaka?"

"Bado."

"Dada yangu, mchele siwezi kuuambatanisha." Akatoa kalamu. "Mimi naandika ninachokiona. Naona mabati ya zamani, misumari mipya, ukuta mweupe. Ofisini watasema ni ukarabati wa kawaida. Watasema paa lilikuwa limechakaa."

"Limechakaa? Mtaa mzima umeezuliwa! Nyumba zote hizi zilizeeka usiku mmoja?"

"Simaanishi mimi. Nasema watakavyosema."

"Na wewe utasema nini?"

"Mimi ni macho tu, dada. Mdomo uko ofisini."

"Basi macho yatazame vizuri!"

"Kiherehere," mama alisema, "mgeni hajanywa chai."

Bosi aliinuka, akanyoosha shati. "Mimi naona imekwisha. Kaka, tunashukuru kwa muda wako. Mama, twende ukachague vya kubeba leo, vingine nitavifuata Jumamosi."

Mama aliendelea kumimina chai hadi kikombe kikafurika. Sijawahi kumwona mama akimwaga chai ya mgeni. Na hapo upepo ukaja kwa nguvu. Kule chumbani: pa! pa! pa!

Wote tuligeuka.

"Pazia," mama alisema.

Mkaguzi alisikiliza kidogo. "Pazia la mbao, mama?"

Mama alichukua chupa, ingawa ilikuwa bado imejaa, akaenda nayo jikoni. Nikamfuata, nikarudisha mlango nyuma yangu.

"Fungua kile chumba, mama."

"Mwanamume nisiyemjua aingie ninapolala?"

"Si hilo linalokuzuia."

Alifungua bomba, akalifunga. Akapangusa meza ambayo haikuwa na kitu. Ndipo akasema, kwa sauti ya chini:

"Bosi akiona kule ndani, atanibeba leo hii kama gunia."

"Kukoje?"

"Kuko wazi."

"Wazi vipi? Unalala wapi?"

"Kwenye kiti, humohumo. Chumba chenu cha zamani ni kikavu, lakini cha baba yako sikiachi."

"Na mvua ikinyesha?"

"Mwavuli wa baba yako ni mkubwa," alisema. "Unatosha."

Nilishika ukingo wa sinki. Siku zote hizo nilikuwa nampigia simu kwa simu ya kuazima, namuuliza umelalaje, ananijibu nimelala kama mtoto mchanga.

"Nisikilize, mama. Usipofungua, bima hawalipi, na Bosi anakuchukua. Hakuna paa, hakuna kurudi. Ukifungua, Bosi ataona, atapiga kelele, pengine atakuchukua leoleo. Lakini bima wakilipa, utakuwa na nyumba ya kurudia."

Alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza ananiona nimekua. Kisha akafungua jokofu, akatoa pakiti ya maziwa, akaimwaga yote kwenye sinki.

"Mama!"

"Bosi!" aliita. "Mwanangu! Maziwa yameisha, na mgeni hawezi kunywa chai hii hivihivi. Kimbia dukani."

"Mama, si kazi yake imeshakwisha—"

"Nimekutuma au nimekuomba ushauri?"

Tulisikia mlango ukibamizwa, kisha gari likiunguruma. Mama aliinamia pindo la kanga, akalifungua lile fundo kwa meno. Akapita sebuleni bila kumtazama mkaguzi usoni. "Njoo huku, mwanangu. Viatu vaa."

Hapo ndipo nilipojua dari ilipokwenda. Kila kilichoharibika katika nyumba ile alikikusanya humo: mbao za dari zilizovimba, zulia, vitabu vya baba vilivyoshikana kama matofali. Godoro lilikuwa limesimamishwa wima, mgongo umepinda. Juu, nusu ya paa haikuwepo. Turubai la bluu lilikuwa limefungwa kwa kamba za nguo, na kona moja imechomoka, inapiga mbao ya paa kila upepo unapopita. Katikati ya fujo yote hiyo palikuwa na kiti kimoja cha kulia chakula. Blanketi limekunjwa vizuri juu yake, pembe kwa pembe. Mwavuli umening'inizwa kwenye egemeo.

Mkaguzi alibaki kizingitini.

"Mama, umekuwa ukilala humu?"

"Nimekuwa nikikaa humu. Kulala ni kitu kingine."

Alitoa kamera, akaanza kazi. Sasa alikuwa mtu mwingine. Alipanda juu ya fremu ya kitanda, akamulika kwa tochi, akapima, akaandika, akashuka, akapanda tena. Aliniita nitazame boriti iliyokatika: ndani ilikuwa ya rangi ya mkate, kavu na safi, haina hata tundu la mdudu.

"Hii haikuoza," alisema. "Hii imevunjwa. Mama, huku ndiko mngenileta kwanza."

"Kwanza ni sebuleni," mama alisema. "Hata wewe kwenu ni hivyo."

Ukutani palikuwa na ufa ulioshuka kutoka kwenye boriti ile na kuingia nyuma ya kabati. Mkaguzi alitaka auone wote. Tukasukuma, yeye na mimi. Kabati lilikuwa limekunywa maji, limekuwa zito kama limepandwa. Tulikuwa tunahesabu mara ya pili, moja, mbili, tukasikia sauti mlangoni.

"Mama."

Bosi alikuwa amesimama na pakiti ya maziwa mkononi. Alitazama juu, turubai likipiga. Akatazama godoro. Kisha akakitazama kiti, blanketi na mwavuli, na macho yake yakaganda hapo. Nilingoja kelele. Hazikuja, na hilo liliniogopesha zaidi.

"Unalala..."

Mama alijifunga kanga kiunoni.

"Umeona," alisema. "Haya. Unataka kunihamisha?"

"Ndiyo."

"Leo?"

"Sasa hivi, mama. Sasa hivi hii!"

"Sawa. Anza na kabati, mkaguzi apige picha ukuta. Ukimaliza kulihamisha hilo, tutazungumza habari zangu."

Bosi alinikabidhi maziwa bila kunitazama. Akapiga bega kwenye kabati, na kabati likaenda, likikwaruza sakafu kwa mlio wa kuumiza meno. Ufa ulikuwa unashuka hadi chini, mpana wa kuingiza vidole viwili. Kamera ikalia, tena, tena.

"Siahidi kitu," mkaguzi alisema akifunga begi. "Ile sebule wataibishania, na mnajua kwa nini. Lakini huku, huku watapata taabu kubisha."

"Wakibisha?" nilimuuliza.

"Mnapinga kwa maandishi. Mnapinga tena. Wapo wanaochoka, msichoke." Akamgeukia mama. "Na mama, nakuomba kama mwanao. Usisafishe."

"Hata kufagia?"

"Hata kufagia."

Mama aliguna kama mtu aliyekatazwa kupumua. Alitoka, akarudi na sinia. Mkaguzi akanywa chai yake palepale, amesimama kati ya godoro na ukuta uliopasuka, wingu zito likipita juu ya kikombe chake. Kikombe cha pili cha maua ya bluu mama alimpa Bosi. Cha tatu akanipa mimi, na akanitazama mpaka nikakishika kwa mikono miwili.

Mkaguzi alipoaga, upepo uliivuta kona nyingine ya turubai. Bosi aliweka kikombe chini, akavua viatu, akapanda kitandani, akaidaka kamba.

"Kiherehere, nyundo!"

"Si tumeambiwa tusiguse?"

"Turubai mnaruhusiwa!" mkaguzi alipaza sauti kutoka barabarani.

Nilileta nyundo na misumari. Bosi alipiga wa kwanza akakosa, wa pili ukapinda, wa tatu ukaingia. Mama alikuwa chini amemshikilia fremu isiyumbe, ingawa haikuwa inayumba. Matone ya kwanza yakaanza kupiga juu ya bluu.

"Mimi ninalala sebuleni," Bosi alisema, misumari mdomoni. "Leo, na kesho, hadi hao watu wa bima wajibu. Na wewe unalala kwenye kile chumba chetu cha zamani. Kitandani, mama. Kitandani."

"Na mkeo?"

"Nitampigia."

Mama alifikiri. Mvua ilikuwa inakaza, na sisi watatu tulikuwa tunalitazama turubai likijaa tumbo, likimwaga, likijaa tena.

"Utalala sebuleni," alisema hatimaye. "Lakini vile vitambaa uvitoe kwanza. Ni vya wageni."