Kabati la Samaki Kwenye Bomba la Hewa

Tanuri la gesi linalopasha joto nyumba ya mama mkwe wangu lilikuwa halipati hewa, na moshi wake, badala ya kupanda dohani, ulikuwa unamwagika ndani ya nyumba. Nje baridi ilikuwa nyuzi thelathini na sita chini ya sifuri. Ilikuwa saa nne asubuhi, tarehe sita Januari, na jioni yake watu ishirini na wawili walikuwa wanakuja kwa chakula cha mkesha wa Krismasi yetu, ile ya kalenda ya kale.

Sikuitwa kwa ajili ya tanuri. Niliitwa kubeba meza. Hapa mjini Yorkton nimetengeneza matanuri miaka ishirini na sita, lakini kwa Mama Yevdokia mimi ni yule Muaislandi aliyemuoa binti yake, basi, meza nitabeba.

Mlango wa nje ulinigomea, kama vile kuna mtu ameushika kwa ndani. Niliuvuta kwa mikono miwili, na nilipoingia tu, kipimo cha gesi kilichokuwa mkandani kikaanza kulia.

"Zima hicho kidude!" Mama akapaza sauti kutoka jikoni. "Umekuja kunipigia makelele kama kile kingine?"

"Kingine kipi, Mama?"

"Kile cha ukutani. Kimelia tangu Jumapili. Nimekifunga taulo nikakitia kwenye gunia la viazi."

Jikoni nilimkuta shemeji yangu Taras akikaanga vitunguu chini ya feni ya kuvuta moshi, kubwa kama mlango wa gari. Aliinunua kwenye hoteli iliyofungwa, akamzawadia mama yake. Inanguruma kama ndege inayotaka kuruka. Dada yake, Lesia, shemeji yangu mwingine, alikuwa anakunja pirohi, vile vimaandazi vya kuchemsha vilivyojazwa viazi, huku mkono mmoja umeshika paji la uso.

"Kichwa kinanipasuka," Lesia akasema. "Ni hiki kitunguu saumu cha Mama."

"Kitunguu saumu changu hakijawahi kumdhuru mtu," Mama akasema. "Wewe umezoea chakula cha plastiki."

"Tokeni nje wote," nikasema. "Sasa hivi. Kaeni ndani ya gari langu, nimeliacha barabarani injini inanguruma."

"Kwa baridi hii? Umelewa, shemeji?"

"Humu mna gesi ya sumu kutoka kwenye tanuri, Taras. Haina harufu, haina rangi, inaua. Toka!"

Walitoka. Nikafungua milango yote na madirisha yote, nikashuka chumba cha chini kwenye tanuri, nikazima gesi. Nilipogeuka, Mama alikuwa nyuma yangu amevaa koti na kofia ya manyoya. Hakwenda garini. Mama Yevdokia hatumwi.

Sasa, kila tanuri la namna hii lina bomba linaloingia kutoka nje, unene wa mguu wa mtu mzima. Kazi yake ni kuleta hewa ili moto upumue. Bomba la Mama nililiona linapotokea ukutani, lakini sikuuona mdomo wake. Mdomo ulikuwa ndani ya kabati. Kabati la mbao, lenye komeo na mpira pembeni usiopitisha hata unyoya. Nikalifungua. Sahani kumi na mbili za samaki walioganda kwenye mchuzi wao kama jeli zilikuwa zimepangwa vizuri, zinatetemeka.

"Friji ya bure," Mama akasema.

"Mama, hewa hii ni ya tanuri."

"Baridi yote hiyo ya tanuri? Tanuri lina moto wake tayari! Samaki ndio wanaohitaji baridi."

"Mbona bomba lenyewe halipulizi?"

"Mwanzoni lilipuliza sana. Samaki wakawa mawe. Ikabidi nipunguze."

"Ulipunguza na nini?"

"Suruali za ndani za marehemu mume wangu, Petro. Zile ndefu za sufu. Jozi mbili."

Nikamwambia kabati litoke na suruali zitoke, au natundika kikaratasi chekundu cha marufuku na tanuri haliwashwi tena mpaka litengenezwe.

"Tundika," akasema. "Halafu usithubutu kukaa mezani kwangu. Miaka arobaini na mmoja naandaa chakula hiki katika nyumba hii, na hakuna aliyekufa."

Nilitaka aone kwa macho yake. Vijiti vyangu vya kupimia moshi vilikuwa karakanani, maana nilikuja kubeba meza. Mama akanipa ubani wa kanisani. Nyumba ilipokuwa imekwisha kupata hewa safi, nikafunga milango na madirisha, nikawasha feni ya Taras, nikawasha tanuri. Baada ya dakika tano nikasogeza ubani unaofuka pale juu, kwenye uwazi ambapo moshi unaingia dohani. Moshi wa ubani ulitakiwa kuvutwa uende zake juu. Uligeuka ukaja moja kwa moja usoni kwa Mama.

Akapiga ishara ya msalaba mara tatu. "Petro amekasirika."

"Si Petro, Mama. Feni inatupa nje hewa ya nyumba. Umeziba kila ufa, na bomba umelivalisha suruali. Njia iliyobaki ni dohani. Hewa inashuka humo na sumu inashuka nayo."

Nikazima kila kitu, nikafungua tena madirisha, nikatoa kikaratasi chekundu mfukoni. Alikitazama kama kinyesi cha paka.

Ndipo Lesia akapiga kelele kutoka mlangoni: "Mama, usihangaike! Tuhamie kwangu! Nina pirohi za dukani, mifuko sita, zipo kwenye friza!"

Niliona shingo ya Mama ikibadilika rangi.

"Za dukani," akasema polepole. Kisha akanigeukia. "Wewe, unangoja nini? Toa samaki."

Tulipeleka sahani saba nje barazani kwenye theluji, moja jikoni, nne nikaziweka sakafuni nyuma yangu. Kabati nililivunja kwa nyundo. Suruali zilikuwa zimeganda ndani ya bomba kama kizibo. Nikamtuma Taras nje, afungue kifuniko cha bomba na asukume kwa gongo la hoki, mimi nivute kwa ndani.

"Sukuma, shemeji!"

"Nasukuma! Vidole sivisikii!"

"Sukuma kama mwanamume!"

"Ulikuja kubeba meza, wewe!"

Suruali zilichomoka kwa mpigo, miguu minne ya sufu ikanipiga usoni, nami nikakaa chini. Nilikaa juu ya samaki. Mama alinitazama akasema, "Hata kuanguka hujui kuchagua mahali." Barazani nako mbwa wa jirani alikuwa anamalizia sahani ya saba.

Mdomo wa bomba niliushusha ndani ya ndoo, baridi itulie humo chini hadi tanuri liivute. Tukapima tena kwa ubani. Feni ikiwa imezimwa, moshi ulipanda dohani vizuri. Nikaiwasha kwa nguvu zote, moshi ukarudi usoni kwetu. Bomba moja halitoshi kwa feni ya hoteli. Nikaikata waya.

"Nimeibeba kilomita mia mbili!" Taras akalia.

"Ina taa," nikamwambia. "Sasa ni taa."

Nilitoa ile kengele ya gesi kwenye gunia la viazi, nikairudisha ukutani, nikabonyeza kuhakikisha inalia. Saa kumi unusu tanuri lilikuwa linawaka kwa moto wa buluu. Wageni walikuja nyumba ileile, nyumba nzima ikinuka vitunguu, na Lesia hakutaja mifuko yake.

Gharama ilikuwa hivi. Kabati moja. Suruali za marehemu jozi mbili, zimechanika magotini. Feni moja ya hoteli, imebaki taa. Samaki sahani kumi na moja: nne chini yangu, saba ndani ya mbwa. Mchana wangu mzima, na suruali yangu niliyovaa. Ilibaki sahani moja kwa watu ishirini na wawili. Kila mtu alipata kijiko kimoja, isipokuwa mimi. Mama alisema mimi nilishakaa juu ya fungu langu.