Ngoma Katika Mwezi wa Kimya

Kila mwaka, mahindi yakishapandwa, sisi Waga, wenyeji wa Akra, hunyamaza mwezi mzima. Hakuna ngoma wala shangwe, ili miungu iyaoteshe kwa utulivu. Katika mwezi huo mtukufu, mimi, Ayikwei, mwanafunzi wa bweni niliyefunzwa adabu kwa gharama kubwa, nilimtembeza mtaani kwetu mtalii mmoja, Anselmo, Mbrazili aliyekuwa na ngoma mpya begani.

“Wapigie,” nilimshauri. “Hapa mgeni mpiga ngoma hupendwa sana.”

Nilitaka akemewe kidogo, nipate cha kusimulia bwenini. Akapiga. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki akaepua karai, akaingia ndani, akafunga mlango. Jirani naye akafunga. Anselmo akatabasamu, akaongeza kasi. Hakuna aliyetukemea, na hilo ndilo lililonitisha.

Wanaume sita, walinzi wa kimya hicho, waliovaa majani mabichi shingoni, wakatoka kichochoroni na fimbo.

“Ngoma ya nani hiyo?” mkubwa wao aliuliza kwa upole.

“Yangu, mzee,” Anselmo akajibu kwa fahari. “Niongeze?”

Fimbo moja ikainuka. Nilikuwa na nafasi nzuri ya kukimbia, na miguu yangu iliafiki.

“Mzee,” nikasema, “nimemdanganya mimi. Yeye hajui mila.”

Akanitazama sana. “Si wewe mjukuu wa Naa Dedei?”

“Ndimi.”

“Basi wewe unajua.” Akanitwika ngoma kichwani. “Twende kwa kuhani.”

Wakanizunguka, tukaanza kutembea. Nyuma yetu Anselmo aliuliza kama naye anaruhusiwa kuja kutazama.