Vibati Viwili kwa Mkono Mmoja

Mimi ni fundi baiskeli, nina hasira za karibu, na kaka yangu alikuwa mpole mpaka anakera. Naanza hapo, maana bila hilo hamtanielewa.

Karakana yangu iko nje kidogo ya lango la hifadhi. Ndani ya lango kuna barabara ya kokoto inayopanda mlima kilomita ishirini na mbili, hadi kwenye shingo kati ya vilele viwili. Magari ni marufuku. Hakuna honi, hakuna moshi; ni wewe, pumzi yako, na kokoto zinazolia chini ya tairi. Kaka alikuwa mwalimu wa hesabu, akisema huko juu ndiko mahali pekee ambapo hakuna anayemletea daftari asahihishe. Kila Jumamosi tulipanda pamoja, miaka kumi na moja.

Langoni kuna utaratibu. Kila anayeingia anachukua kibati chenye namba kutoka ubaoni na kukitia mfukoni. Akirudi, anakitundika mwenyewe kwenye msumari wake. Saa kumi na moja jioni askari wa lango anatazama ubao. Akiona msumari mtupu, anatoa gari la uokoaji, gari pekee linaloruhusiwa kupanda. Ubao ukijaa, anafunga lango na kwenda zake. Mzee yule amefanya kazi hiyo tangu mimi sijajua hata kuziba pancha.

Sisi tulikuwa na mtindo wetu, na askari hakuujua. Kaka alikuwa msahaulifu. Alishapoteza vibati mara mbili, akakaripiwa mbele za watu kama mtoto. Basi tukakubaliana vyote nibebe mimi. Nilivichukua viwili, nikavitundika viwili. Siku zote tulishuka pamoja, kwa hiyo hatukuona ubaya.

Jumamosi ile tuligombana. Upuuzi mtupu! Tulipofika juu nilimwambia breki zake za nyuma zimeisha, nimbadilishie pale pale. Akasema, "Taratibu, mdogo wangu. Tukae kwanza tutazame." Mawingu yanakuja meusi, yeye anataka kutazama! Nikamwita mtu mzima ovyo, mwenye mke nyumbani na akili za chekechea. Akacheka. Kicheko kile ndicho kilichonipandisha hasira. "Haya, kaa na mawingu yako," nikamwambia, nikashuka peke yangu bila kugeuka nyuma. Wengine wote walikuwa wameshateremka.

Mvua ilinikuta kona ya mwisho. Nilifika langoni nimelowa chapachapa, meno yanagongana, na hasira bado zinachemka. Askari alikuwa ndani anapasha maji. Nikatia mkono mfukoni, nikatoa vibati, nikatundika. Vyote viwili. Sikufikiri, mkono ulishazoea. Nikaenda karakana kubadili nguo.

Saa kumi na moja kasoro nikarudi langoni kumwangalia kaka. Ubao umejaa, na namba yake ipo. Kichwa changu hakikukumbuka kabisa kwamba kibati kile kilikuwa mfukoni mwangu. Niliuona ubao kama anavyouona mtu yeyote. Unajua nilichofikiri? Nilifikiri ameshashuka, amepita karakana bila hata kubisha, ameenda kwake. Amenuna! Yeye asiyejua kununa! Basi na mimi nikavimba. Nikamuuliza askari, "Wote wamerudi?" Akatazama ubao, akasema, "Wote, mwanangu," akafunga lango. Simu niliishika mara mbili nikaiweka chini. Aanze yeye, nikasema. Jioni nzima nilimkasirikia mtu aliyekuwa amelala kwenye kokoto zilizolowa, paja limevunjika, mahali ambapo simu haishiki.

Wifi yangu, mke wake, naye hakushtuka. Siku za mvua njia ya kwao hujaa maji, na kaka alikuwa akilala karakana kwangu. Asubuhi alinikuta nafungua mlango. Alikuwa na chupa ya chai na soksi kavu. Akaniuliza, "Bado amelala huyo?"

Nikaacha mlango wazi, nikakimbilia langoni.

Gari la uokoaji lilimkuta chini ya kona ya nne. Breki hazikushika. Daktari alisema mguu haukumuua, aliuawa na baridi, tena karibu na alfajiri.

Msibani watu walihitaji wa kumlaumu, wakampata askari. Anafungaje lango mtu yuko mlimani? Wifi alimwambia mbele ya watu, "Umeniulia mume." Mzee akasimama pale, kofia mkononi. Mimi nilikuwa nimemkumbatia wifi, nikasema, "Mzembe mkubwa." Mungu wangu, nilisema hivyo kwa kinywa changu.

Siku ya tano nikaenda langoni kuchukua baiskeli ya kaka. Mzee akanitolea, akanisaidia kuinua gurudumu lililopinda, kisha akasema polepole, "Mwanangu, mimi niliona kibati chake kipo. Labda macho yangu yamezeeka." Hapo ndipo nilipokumbuka. Niliviona vidole vyangu vilivyolowa, msumari wa kwanza, msumari wa pili. Na bado sikusema kitu! Nikamwambia asante, mzee, nikaisukuma baiskeli hadi karakana, nikajifungia, nikalia mpaka sauti ikakauka.

Mkuu wa hifadhi aliitisha kikao Jumatatu, na kila mtu alijua kibarua cha mzee kimeshaota nyasi. Siku tatu nilibishana na nafsi yangu. Nikisema, nampoteza wifi, na sina ndugu mwingine. Wazazi wetu walishatangulia mbele ya haki. Nikinyamaza, mzee anakwenda nyumbani akiamini ameua mtu kwa macho yake mabovu. Nilifunga minyororo vibaya, nikawarudishia wateja baiskeli zisizo zao. Nilijichukia kweli kweli.

Ofisi ya mkuu ni chumba kidogo: meza, kabati la mafaili, feni inayolalamika, viti vitano vya plastiki. Wifi alikaa kando yangu, kanishika mkono. Mkuu akamuuliza mzee kama ana la kujitetea.

"Sina, mkuu," akasema. "Nadhani sikuona vizuri."

Nikasimama kabla woga haujanirudisha kitini. "Aliona vizuri," nikasema. "Kibati kilikuwepo. Nilikitundika mimi."

Nikaeleza yote, hadi breki, hadi jinsi nilivyovimba na simu mkononi. Kisha nikampigia mzee magoti. "Nisamehe, baba." Akaniinua, naye analia kuliko mimi. "Inuka, mwanangu, inuka," alikuwa akisema, "wewe ndiye uliyefiwa."

Mkono wa wifi ulikuwa umeshaniachia. Sijui uliniachia kwenye neno lipi. Akasema bila kunitazama, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kuna kibanda chenye mablanketi hatua mia kutoka pale alipoangukia. Kutwa kucha nimekuwa najiuliza kwa nini hakujikokota hadi pale. Kumbe alijua kibati chake unacho wewe, na kwamba msumari wake utabaki mtupu. Alikuwa ametulia, anasubiri gari."

Alichukua mkoba wake, akamwomba mzee radhi, akatoka.

Mzee alibaki na kazi yake. Mimi nilipigwa marufuku kupanda mlima mwaka mzima, adhabu ambayo hata hawakuhitaji kunipa. Wifi hakunitukana wala hakunisema kwa watu. Nilikwenda kwake mara tatu. Mara zote alinikaribisha, akanipa kiti, tukakaa mpaka nikaaga.

Mwezi uliopita tulikutana dukani. Nilimwona kabla hajaniona, nikatamani kurudi nilikotoka. Lakini alinisogelea mwenyewe, akanipa mkono kwa adabu zake zote.

"Habari za kazi, fundi?"

Tangu siku aliyoolewa na kaka aliniita wifi. Nikamjibu nzuri, nikampisha apite.