Fa Isiyolia

Katika piano ya Shule ya Tilden, noti ya fa ya katikati ilikuwa imekufa. Ukibonyeza, kibonyezo kilizama kama buti kwenye tope la Machi, kikarudi juu bila sauti. Watoto walikwisha kuzoea. Wimbo ulipofika pale na piano ikanyamaza, wao waliiimba fa kwa pamoja, kwa nguvu zaidi kidogo kuliko noti nyingine, kama watu wanaomshika mwenzao mkono avuke shimo.

Mwalimu wao wa muziki, Odette Pelletier, hakuona uzuri wowote katika jambo hilo. Yeye aliona piano ya Wexcombe.

Wexcombe ulikuwa mji wa ng'ambo ya ziwa. Shule za pande zile huishi kwa kodi ya nyumba za mji wenyewe, na aliyechora mpaka aliipa Wexcombe karibu ufuo wote. Huko yalijipanga majumba ya matajiri wa Boston, yaliyofungwa madirisha miezi tisa ya mwaka, yakilipa kodi nzito bila kupeleka shuleni hata mtoto mmoja. Tilden ilibakiwa na misonobari, machimbo ya changarawe, na nyumba za watu waliozaliwa humo humo. Kila asubuhi, akikwangua barafu kwenye kioo cha gari, Odette aliliona paa jipya la ukumbi wa shule ya Wexcombe likimeta ng'ambo, na kitu kikamkwaruza kifuani.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa na jina: Lenora Whitcomb. Walisoma chuo kimoja, wakalala chumba kimoja, na Odette ndiye aliyekuwa akimrekebisha sauti. Sasa Lenora alifundisha chini ya lile paa.

Basi ulipokaribia mkutano wa mwaka wa mji, ambapo wananchi wenyewe hupitisha bajeti ya shule, Odette alichora chati kubwa: fedha ambazo kila mji wa pande zile hutumia kwa mwanafunzi mmoja. Miji sita, nguzo sita. Ya Wexcombe ilikuwa ndefu kuliko zote, naye akaipaka rangi nyekundu, akikandamiza kalamu hadi karatasi ikakaribia kutoboka. Ya Tilden ilikuwa kisiki. Aliamini, kwa moyo mweupe kabisa, kwamba watu wakiiona wataona aibu, na aibu itawafungua mikono.

Siku ilipofika, ukumbi wa michezo wa shule ulijaa harufu ya sufu iliyolowa. Kila mpiga kura alishika kadi ya njano. Wageni wasio na kadi walikaa kwenye benchi la ukutani, na mmoja wao alikuwa Lenora.

"Umekuja kututazama?" Odette alimwuliza.

"Nimekuja kukusikiliza wewe. Halafu, tunaitoa piano yetu ya zamani. Nzima kabisa. Nikasema kabla hawajaichukua wengine..."

"Makombo yenu wapeni hao wengine."

Lenora alivua glavu zake, kidole kimoja baada ya kingine.

Odette akaifunua chati. Royce Gilman, mzee aliyeendesha gari la kusukuma theluji kwa miaka thelathini, alisogea mbele na kofia yake ya kuwindia, akavaa miwani.

"Hebu, Mwalimu. Sisi ndio hii fupi?"

"Ndiyo, Bwana Gilman."

"Fupi kuliko zote?"

"Kuliko zote sita."

Royce akawageukia watu, uso umemchanua. "Jamani, tumewashinda!"

Ukumbi ukaangua kicheko, kisha makofi. "Wexcombe wana hela za kuchezea!" mtu akapaza sauti. "Na sisi tuna akili!" akaitikia mwingine.

"Tena tunaweza kuwa wafupi zaidi," Royce akasema. "Tukishakula, natoa hoja tuiondoe nafasi ya mwalimu wa muziki. Usinichukie, Mwalimu. Kodi haiimbi."

"Wala wewe huimbi, Royce, tunashukuru," akasema Hollis Tarbell, mwenyekiti wa mkutano, akagonga nyundo yake ya mbao. "Maharage yameiva."

Watu walikwenda kwenye maharage ya kuokwa na pai za tufaha. Odette alibaki na chati yake. Aliitazama kwa mara ya kwanza kama wao walivyoitazama. Ilikuwa na Wexcombe, ilikuwa na rangi, ilikuwa na hasira yake yote. Mtoto hakuwamo hata mmoja.

Baada ya chakula, kama ilivyo desturi, watoto waliimba. Walisimama na mabuti yenye tope, ishirini na watatu, naye Odette akaipiga ile piano. Ilipofika fa, piano ikanyamaza, na sauti ishirini na tatu zikapanda kuiziba nafasi ile. Vijiko vikatulia. Ilipofika tena, wazee wa mbele waliinua vichwa, wakiisubiri.

Odette alipokwenda kuketi karibu na benchi la wageni, alimkuta Lenora ameshika glavu zake kwa mikono miwili.

"Nani kawafundisha vile?"

"Piano mbovu."

"Wangu hawawezi. Piano ikinyamaza, na wao kimya." Lenora akatabasamu kwa taabu. "Nakuonea wivu, Odette. Tangu chuoni, ujue."

Utamu ulimpanda Odette hadi masikioni, kisha ukamsuta, maana aliitambua ladha yake: ni ya wivu uleule aliokuwa akiumeza kila asubuhi mbele ya lile paa.

"Hiyo piano yenu," akanong'ona, "fa yake inalia?"

"Inalia."

"Basi itabidi tuwaulize watoto."

Mbele, Royce alikuwa amesimama, kadi mkononi. "Bi Mwenyekiti, natoa hoja nafasi ya mwalimu wa muziki iondolewe kwenye bajeti."

"Hoja imetolewa," akasema Hollis. "Nani anaiunga mkono?"

Ilihitajika sauti moja tu ili ipigiwe kura. Bila hiyo, hoja hufa palepale iliposimama. Na humo mlikuwa na watu mia moja na arobaini, wengi wao wale waliopiga makofi asubuhi.

Royce akatazama kulia, akatazama kushoto. Mtu akakohoa, akajizuia. Watoto, wameketi sakafuni, walikuwa wakiangalia vinywa vya wakubwa wao.

"Kuna anayeiunga mkono?" Hollis akauliza mara ya pili.

Odette alikijua kile kimya. Kilikuwa na upana uleule wa fa isiyolia. Safari hii aliomba isitokee sauti ya kukijaza, na bila mtu kufungua kinywa, nyundo ya Hollis ikaanza kuinuka.