Watano Ndani, Watano Nje

Mwezi wa Agosti mwaka 1969, mdogo wangu Nathanaeli alirudi Chome baada ya miaka kumi na minne, na jambo la kwanza watu walilotaka kujua ni kazi anayofanya huko Ulaya. Akawaambia ukweli, na shida ikaanzia hapo. Alisema analipwa mshahara kwa kucheza mpira wa magongo juu ya maji yaliyoganda. Mzee Zebedayo, mwenyekiti wetu wa tawi la TANU, hakumtazama yeye. Alimtazama mama yetu, kwa uso wa mtu anayetoa pole.

Mimi ni Justa, dada yake, nimemzidi miaka miwili. Nathanaeli aliondoka nyumbani akiwa na miaka kumi, mguu wa kushoto umepinda baada ya kuvunjika na kuungwa vibaya. Daktari wa misheni alikuwa anarudi kwao Sweden, akamchukua ili akapasuliwe. Walimpasua mara tatu. Mguu ulinyooka kiasi, ila kuchechemea hakukuisha. Kisha majira ya baridi yakaja, wenzake wakamvalisha viatu vyenye chuma chini, wakamsimamisha kwenye barafu, na akagundua kwamba pale hachechemei. Mtoto aliyechekwa maisha yake yote humtoi mahali pa namna hiyo. Alikaa barafuni kila jioni mpaka walipomfukuza wafunge geti. Alipofika miaka kumi na minane, timu ya mji mmoja wa viwanda ikamchukua awe beki. Wapinzani wakamng'oa meno mawili, akaendelea kucheza. Sasa timu kubwa ya mji mkuu ilikuwa inamtaka kwa mkataba wa miaka mitatu, na alitakiwa kuripoti tarehe mosi Septemba.

Kilichokosekana ni pasipoti. Alipoondoka, nchi ilikuwa ya Mwingereza. Sasa tulikuwa na nchi yetu, na ofisi ya Same ilitaka barua ya mwenyekiti kuthibitisha kwamba yeye ni mwenyeji wa Chome na ni mchapakazi. Alikuwa na siku kumi na mbili za kuipata. Bila barua hakuna safari, na bila safari timu ingemtafuta beki mwingine.

"Kijana, Azimio la Arusha linataka kila mtu aishi kwa jasho lake," Mzee Zebedayo alimwambia mbele ya mkutano.

"Jasho ninalo, Mzee."

"La kucheza?"

"La kucheza."

Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Nathanaeli hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa na tabia iliyokuwa inaniudhi: ukimuuliza swali la kumkejeli, anakujibu kama umemuuliza kwa nia njema.

"Sasa mimi siwezi kuandika kwamba mchezaji ni mchapakazi," Mzee Zebedayo akasema. "Kesho tuna msaragambo wa ndiva. Njoo tukuone. Ndiva ikiisha, barua utaipata."

Msaragambo ndiyo kazi yetu ya pamoja sisi Wapare. Kila nyumba inatoa mtu, na asiyetoka anatozwa faini. Ndiva ni bwawa la kukusanya maji ya kumwagilia mashamba. Ya kwetu ilikuwa imejaa tope la mvua za masika mpaka mdomo wake wa kutolea maji haukuonekana, na maharage yalikuwa yanaanza kunyauka. Kwa kawaida tulitoka siku mbili kwa wiki, na kuisafisha kulichukua mwezi mzima. Hesabu hiyo kila mtu aliijua, na Mzee Zebedayo aliijua kuliko wote.

Jumatatu asubuhi tuliingia watu arobaini kwa mkupuo, kama siku zote. Majembe yanagongana, mmoja anamrushia mwenzake tope, na ikifika saa nne nusu ya watu wameketi kando wanazungumza habari za posa. Nathanaeli alichimba bila kuinua kichwa mpaka mguu ukakataa. Alipokaa, hakuzungumza. Alikuwa anatutazama, midomo inahesabu.

"Dada," aliniambia, "pale mdomoni wanatosha watano tu. Wengine wote wanazuia."

"Ndivyo tunavyofanya."

"Kwetu pia wanaingia watano." Kwetu! Nilitaka kumzaba kofi. "Wanacheza kwa nguvu zote, dakika moja, haizidi mbili. Kisha wanatoka wanaketi, wanaingia watano wengine ambao hawajachoka. Hakuna anayebaki ndani kwa sababu ya sifa. Ukichoka ukabaki, unawaponza wenzako."

Akasimama, akawaeleza watu wote. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa na baridi, Chasu chake, lugha yetu Wapare, kilikuwa cha mtoto wa miaka kumi, na wazee walimsikiliza huku wakificha vicheko. Walioanza ni wasichana, kwa kumtania. Watano wakaingia, yeye akahesabu kwa sauti hadi mia, akapiga kofi, wakatoka wakihema, wakaingia wengine. Baada ya raundi ya tatu vijana wa kiume hawakuweza kuvumilia kushindwa na wasichana. Kufikia saa sita tulikuwa tumetoa tope ambalo lingetuchukua siku tatu, na watu wakaulizana wenyewe kama kesho tunarudi.

Jumanne kazi ilikwama kidogo. Kundi moja lilisimama tu, majembe mkononi, watu wanatazama mawingu. Nathanaeli alipiga makofi bure. Ilibidi nimvute pembeni nimweleze kwamba amemweka Eliezeri bega kwa bega na mama mkwe wake, na kwamba Eliezeri angekufa amesimama kuliko kuinama mbele ya yule mama. Toka hapo nilipanga makundi mimi, yeye akahesabu.

Alhamisi mdomo wa ndiva ulifunguka, kazi ikaisha. Chini kabisa kulikuwa na udongo wa mfinyanzi, laini na wenye unyevu, na watoto wakamwomba awaonyeshe huo mchezo wake. Akavua viatu, akachukua mpini wa jembe, akateleza kutoka ukingo hadi ukingo, ameinama, mpini unafagia mbele yake. Hakuchechemea hata kidogo. Nilikuwa nimemwona akiburuza ule mguu tangu tukiwa wadogo, na pale kwenye ndiva nililia mbele za watu, sikujali.

Ijumaa alivaa shati safi akaenda kuchukua barua. Alirudi mikono mitupu.

"Amesema barabara ya kuteremka Makanya imekatwa na maji," aliniambia. "Amesema baada ya hapo kuna msingi wa shule. Anasema kwa jinsi nilivyofanya kwenye ndiva, taifa haliwezi kuniachia." "Dada, nimefanya vibaya wapi?"

Hakuwa amefanya vibaya, na hilo ndilo lililonichoma. Angekuwa mvivu, Mzee Zebedayo angemwandikia siku ileile ili aondoke na aibu yake. Mama yetu, Esta, alikuwa jikoni anampikia makande, na alisikia yote. Alimwongezea chakula.

Jumamosi na Jumapili niliwaza jambo hilohilo, hata kanisani. Jumapili jioni nikamwambia Nathanaeli, "Kesho usitoke."

"Ataniona mvivu."

"Akuone vyovyote. Kesho lala."

Jumatatu nilisimama barabarani badala yake. Wanaume wawili walisema hawahesabiwi na mwanamke. Nikawaambia waketi basi, wawaangalie wake zao. Wakaingia. Nilijua mambo ambayo Nathanaeli asingeweza kuyajua: nani ana kifua, nani ana mimba ambayo hajaitangaza, ndugu gani hawasemeshani tangu kesi ya shamba. Kila mtu nilimweka pale ambapo angefanya kazi bila kuangalia nyuma. Sauti ilinikauka kabla ya saa sita. Jioni Mzee Zebedayo alipima kwa hatua zake mwenyewe kipande tulichotengeneza, akarudia kupima.

"Mwenyekiti, ulisema taifa haliwezi kumwachia," nikamwambia. "Leo hakuwepo."

"Nimeona."

"Basi mwandikie."

Akanivuta kando ya watu. Alitoa mfukoni bahasha, imeshakunjika pembe.

"Niliiandika Alhamisi ileile, Justa. Jioni yake mama yako akaja kwangu. Alinisihi nisimpe. Ana mtoto mmoja wa kiume, na miaka kumi na minne amemwombea kwa kuangalia picha. Ulitaka nimjibu nini?" Akanyoosha mkono wenye barua. "Mimi sitampa. Ukitaka mchukulie wewe. Na hii barabara, na shule, utasimamia wewe."

Sijawahi kushika kitu kizito kama ile bahasha. Mama alikuwa na haki. Ningekuwa mimi ningeenda kuomba vilevile, pengine ningelala mlangoni kwa mwenyekiti. Lakini nilikuwa nimemwona kijana wetu akivuka ule udongo. Hapa nyumbani angekuwa mtu mwema anayechechemea mpaka uzee, kila siku, mbele ya macho ya mama, na mama angefurahi. Nikaichukua.

"Nitasimamia," nikasema.

Usoni kwa mama sikuthubutu kutazama. Niliweka barua mezani mbele ya wote wawili, nikaeleza nilivyoipata, sikuficha kitu. Nathanaeli alimgeukia mama. Alipiga magoti, akashika miguu yake, na kwa Chasu chake cha kitoto akamwambia kwamba atakwenda hata mama akilia. Mama aliiondoa mikono ya mwanawe taratibu, akaenda kumfungia maandazi na ndizi za kuchoma za safari.

Hakushuka nasi. Nilimsindikiza Nathanaeli hadi Same peke yangu, nikamwona afisa akigonga muhuri, nikamwona akipanda basi la Dar es Salaam. Aliketi dirishani amepakata kile kifurushi cha chakula, hajakifungua tangu Chome, amekikumbatia kwa mikono yote miwili. Nikamwambia aende akawavunje wao meno.

Nilifika nyumbani kesho yake. Mama alikuwa anapalilia maharage, maji yanapita kwenye mfereji kando yake. Hakuinua kichwa, na hakunijibu salamu. Nikachukua jembe nikaanza mstari wa jirani. Tulipalilia mpaka jua likasogea sana, na alipofika mwisho wa mstari wake akasimama, akanipa mgongo.

"Alikula?" akauliza.

"Alikula, mama," nikamwambia. "Alikimaliza chote."

Akatikisa kichwa kukubali, akaanza mstari mwingine.