Ubao wa Bwawani

Mjomba wangu alihudhuria semina moja ya kupima maji, akarudi na kofia na ubao wenye namba, akauchomeka bwawani, na tangu siku hiyo hatukupumua. Kila asubuhi alishuka bwawani kifua mbele, akausoma ubao wake, akaipigia simu ofisi ya maji mjini, halafu akapitia dukani ili aulizwe habari. Wavivu wa pale dukani walimvika kilemba cha ukoka, wakamwita Mtaalamu. Naye akakivaa juu ya ile kofia.

Mimi ni fundi cherehani. Ninachojua kuhusu bwawa ni kwamba ndiko tunakoteka maji ya kunywa, na msimu huu mvua ilitunyima kabisa. Bwawa lilizidi kurudi nyuma, likaacha tope zito na nyufa za kuingia mguu. Pundamilia, ambao zamani tuliwaona kwa mbali tu, walikuja mchana kweupe, mbavu nje, wakasimama kando ya wanawake wenye ndoo bila kujali mtu. Ngiri mmoja alinasa topeni akafia humohumo. Tumbili waliingia jikoni kwa mama wakapindua mtungi.

"Umeona wanyama walivyojaa?" Mjomba aliniambia, meno yote nje. "Neema hiyo, mpwa wangu."

"Neema gani, Mjomba? Hawana pengine pa kwenda."

"Wewe shona nguo. Ubao unasema maji yako palepale."

Na kweli, ubao ulisema palepale wiki nenda wiki rudi. Kwa hiyo lori la maji la ofisi, lililogawia vijiji vyote vya jirani, sisi lilitupita likituachia vumbi. Mama, ambaye ni mdogo wake Mjomba, akaanza kuumwa tumbo kwa maji ya tope. Bado alimtetea.

"Kaka ana cheti," alisema, amejikunja kitandani.

Nilikuwa nikimdharau Mjomba siku zote. Hapo dharau ikanipanda hadi kooni, na kesho yake asubuhi nikamfuata bwawani.

Nilimkuta amekunja suruali, anaung'oa ubao kwenye tope lililoanza kukauka. Akaubeba begani hadi katikati, kwenye kidimbwi kilichobaki, akauchomeka na kuukandamiza mpaka maji yakafika kwenye namba ya jana. Akarudi nyuma kidogo kuutazama, ameridhika.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Nausogeza," alijibu bila kushtuka. "Maji yakisogea, na ubao unasogea. Ukibaki nchi kavu utapima nini?"

Nilitafuta ujanja usoni mwake, sikuuona. Laiti angekuwa mwongo! Mwongo ningemheshimu kidogo. Huyu alikuwa mjinga wa kutoka moyoni, na kwa ujinga wake kijiji kizima kilikuwa kinakunywa tope.

Nilimkokota hadi nyumbani, nikamsimamisha mbele ya kitanda cha mama. Akamtazama dada yake, midomo ilivyopasuka, macho yalivyodidimia. Kofia akaivua mwenyewe. Akapiga simu ofisini, nami nikamwambia aweke sauti kubwa.

"Bwawa limekauka," alisema. "Leteni lori la maji leo. Dada yangu anaumwa."

Afisa wa upande wa pili akacheka. "Mtaalamu, na wewe umeanza? Kila kijiji kinalia ukame ili kipate lori. Jana tu umenisomea namba, maji yapo tele."

"Nilikosea, mheshimiwa. Ubao nilikuwa nausogeza."

"Wewe? Hapa ofisini tunakutolea mfano! Hao wanaokusukuma useme uongo, waambie wakome."

Simu ikakatwa. Mjomba alipiga tena na tena, haikupokelewa.

Mama akaomba maji. Nikachota yaleyale ya tope, nikampa Mjomba kikombe amnyweshe mwenyewe.