Baruti Isiyo na Kopo

Wiki ya saba baada ya mazishi, Darlys Tveit aliingia kwenye karakana ya marehemu mumewe, Orrin, akiwa na kikombe cha kahawa ambayo hakuinywa. Ilikuwa asubuhi. Msimu wa kuwinda elki, yule kulungu mkubwa wa milimani, ungefunguliwa baada ya wiki nne, na risasi, ambazo Orrin alizitengeneza mwenyewe, zilikuwa hazijatengenezwa.

Miaka kumi na mmoja yeye na Orrin waliomba kibali cha kuwinda pamoja, na miaka kumi na mmoja bahati nasibu ya vibali ya jimbo iliwapita pamoja. Mwezi wa sita majina yao yakatoka. Mwezi wa nane Orrin akaanguka humu karakanani, moyo umesimama, miwani bado usoni. Darlys alikuwa amewaambia watu kanisani kwamba ataenda kuwinda peke yake. Hakukumbuka kama alitaka. Alikuwa amesema, basi angeenda.

Alivuta kiti na kukaa mbele ya meza. Mashine ya kushindilia risasi ilikuwa mahali pake, mizani pia, na daftari la Orrin lilikuwa wazi. Kwenye ukurasa huo Orrin alikuwa ameandika kwa herufi kubwa aina ya baruti na kipimo chake, na chini yake akabandika kipande cha karatasi ya shabaha. Matundu matatu yalikuwa yamegusana, unaweza kuyafunika kwa ncha ya kidole. Ile baruti haikuwa imeonekana madukani Montana kwa miaka miwili.

Kipimio kilikuwa kimejaa. Ni chupa ya plastiki ya kupimia baruti, iliyofungwa ukingoni mwa meza, mdomo chini, na ndani yake baruti ilifika karibu na juu. Darlys aliitazama muda mrefu. Orrin ndiye aliyeimimina. Kisha akatazama pembeni mwa kipimio, akaona meza tupu.

Kopo halikuwepo.

Kwa miaka ishirini alikuwa akimsafishia Orrin maganda ya risasi, na sheria aliijua kama sala ya chakula. Kopo moja tu mezani. Baruti ikiwa kwenye kipimio, kopo lake linakaa kando mpaka irudishwe. Baruti nyingi zinafanana, vipande vyeusi vidogo kama ncha za penseli zilizokatwakatwa, ila moja inaungua taratibu na nyingine kwa pupa. Ukitia ya pupa kwa kipimo cha ile ya taratibu, bunduki inakupasukia usoni.

"Shemeji! Umefufuka?" Gaylen, mdogo wake Orrin, alisimama mlangoni akipangusa matope. "Nimeona mlango wazi nikadhani wezi."

"Wezi wangechukua nini?"

"Ile kofia yake. Hapana, hata wezi wana macho." Alicheka peke yake.

"Gaylen, kopo la baruti hii liko wapi?"

"Nilirudisha kwenye rafu. Siku ile ile. Nilifagia, nikapanga vitu. Sikutaka ukute fujo, shemeji."

Darlys alitazama rafu. Makopo mawili meupe ya kiwanda kimoja, yote yamefunguliwa, yote yamebaki kidogo. Moja la baruti ya taratibu, ya bunduki kubwa. Jingine la ile ya pupa, ya bunduki ndogo ya kupigia kindi wa shambani.

"Lipi?"

"Hilo jeupe."

"Yote meupe."

Gaylen alikaribia rafu. Alinyoosha mkono kwenye kopo la kushoto, akausogeza kulia, akaushusha. "La kushoto. Karibu nina hakika."

"Karibu."

"Daftari si liko hapo? Ukurasa huo huo! Alikuwa anatengeneza za elki, angekuwa anatengeneza nini kingine?"

"Jana yake alipiga kindi. Labda risasi za kindi zilimwishia."

"Basi tuijaribu. Tunaifunga bunduki kwenye tairi, tunavuta kamba tukiwa nyuma ya trekta. Ikipasuka, imepasuka."

"Bunduki yake?"

Masikio ya Gaylen yalikuwa mekundu. "Kwa hiyo nimeiharibu mimi," alisema mwishowe.

"Ulifagia," Darlys alisema. "Asante kwa kufagia."

Alisikia sauti yake ikitoka kama ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. Alijua kwamba hapa ndipo angepaswa kulia, na alingoja kidogo ili kuona. Hakuna kilichokuja. Akafungua kipimio, akamwaga baruti yote kwenye bakuli, mpaka ile chembe ya mwisho iliyong'ang'ania plastiki. Akatoka nje, akainyunyiza kwenye nyasi. Upepo ukachukua iliyokuwa nyepesi. Gaylen alikuwa amevua kofia.

Siku ya Jumamosi walikwenda mjini. Dukani kulikuwa na baruti mbili zilizofaa. Muuzaji aliisifu ya kwanza kwa kasi. Darlys aliuliza ipi haibadiliki kwenye baridi, kwa sababu risasi inayojaribiwa Septemba hupigwa Novemba, mikono imekufa ganzi. Akachukua ya pili.

Nyumbani alianza na kipimo cha chini kabisa kwenye kitabu cha kiwanda. Risasi tatu tatu, akipanda kidogo kidogo, kila tatu na karatasi yake. Alipiga, akangoja mtutu upoe, akapiga tena. Tatu za kwanza zilitawanyika kama kiganja. Za pili zilikaribiana. Za tatu zikakaa pamoja. Za nne zikaanza kutawanyika tena, akaacha hapo. Yote aliyaandika.

Gaylen alileta karatasi ya tatu, akaipima kwa vidole.

"Vidole viwili, shemeji. Umbali wa hatua mia. Si mbaya hata kidogo." Akasita. "Ya Orrin ilikuwa haifiki kimoja."

"Naijua ilivyokuwa."

"Kwa hatua mia tatu, hiyo ni vidole sita. Yeye angempiga elki kutoka kule kule ng'ambo ya korongo."

Darlys aliokota maganda yake tisa yaliyotumika na matatu ya mwisho, akayahesabu mara mbili.

"Basi mimi nitamsogelea," alisema.